Vikombe vya Jumamosi

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mama wa watoto watatu, na kila Jumapili watu hunisalimu, "Mzee, habari ya asubuhi?" Wageni hucheka. Kwetu sisi Wapresbiteri, mzee ni kazi, si umri wala ndevu. Hata jina la kanisa linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mzee. Mchungaji huja akahamishwa, lakini wazee wamechaguliwa na watu wa hapo hapo, wanaowajua wanadaiwa na nani na walikosana na nani. Mimi nilichaguliwa mwaka 2015. Nilipewa distrikti ya nyumba ishirini na nane, kuanzia kwenye kisima cha zamani hadi kwenye barabara ya lami.

Kazi ya mzee wa distrikti ni ya miguu. Ukisikia mtu amelazwa hospitali, unakwenda. Msichana akipata mimba akiwa shuleni, unakwenda. Kukiwa na msiba, unapaswa kufika kabla ya viti vya kukodi. Na juma moja kabla ya Meza ya Bwana, ambayo kwetu huandaliwa mara nne kwa mwaka, unapita nyumba kwa nyumba ukigawa kadi. Kadi ni kipande cha karatasi ngumu chenye jina na tarehe. Jumapili ile unaiingia nayo kanisani, unaitoa mlangoni, unaketi pamoja na washiriki. Waskoti waliotuletea dini walikuwa na desturi kama hiyo kwao: wazee wao waligawa vipande vya risasi kwa wale walioonekana wanastahili, na asiye na kipande hakukaribia meza. Risasi imekuwa karatasi, lakini ule mwendo wa mzee akihesabu nani apewe na nani arukwe, ni ule ule.

Mama yangu alirukwa kwa miaka thelathini na mitatu.

Sikulijua jambo hilo kama habari ya kusikitisha. Nilikua nikiliona kama watoto wengine wanavyoona kilema cha mzazi, kitu kilichokuwapo tu. Jumapili ya Meza, Mama aliketi benchi la mwisho karibu na mlango, pamoja na wanawake wengine wanne au watano. Wazee walipita na trei za vikombe vidogo vya kioo, safu baada ya safu, na walipofika benchi la pili kutoka mwisho waligeuka. Wanawake wale hawakuinamisha vichwa. Waliimba kama wengine. Mmoja wao alikuwa na sauti ya kwanza nzuri kuliko ya mtu yeyote aliyeketi mbele.

Lakini Jumamosi ilikuwa ya Mama. Alikwenda kanisani na beseni, sabuni ya kipande na kitambaa cheupe ambacho nyumbani hatukuruhusiwa kukigusa. Alitoa vikombe kwenye kabati la chumba cha wazee, akaviosha kimoja kimoja, akavisuuza mara mbili, akaviinamisha juu ya kitambaa. Vilikuwa mia mbili na arobaini, trei sita za vikombe arobaini kila moja. Nilikuwa navihesabu naye. Kikivunjika kimoja alikinunua kwa fedha za mayai. Jumatatu alirudi kuviosha tena, vikiwa na alama nyekundu chini. Kwa hiyo alivigusa kabla ya watu na baada ya watu, na katikati hakuvigusa.

Kisa chenyewe kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukitatua. Baba na Mama walioana mwaka 1966 kwa mila. Mbuzi walitolewa wote, ngurario ikafanywa, wazee wa mbari zote mbili wakala na kubariki. Hakuna aliyetilia shaka kwamba wale ni mume na mke. Ila hawakusimama madhabahuni, na kwa utaratibu wa kanisa letu mtu aliyeingia katika ndoa bila kuifunga kanisani alitengwa na Meza hadi aitengeneze. Mama, aliyebatizwa akiwa mchanga na kuthibitishwa akiwa msichana, alikuwa tayari kutengeneza hata siku ile ile. Baba hakutaka.

"Nimeoa mara moja," alisema. "Nikioa tena mwanamke yule yule, ya kwanza ilikuwa nini? Wizi?"

Ukimsikiliza ungedhani ni ukaidi tu. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa kwamba ugomvi ule haukuanza naye. Misheni ya Waskoti ilianzia Kibwezi mwaka 1891, malaria ikawachosha, na mwaka 1898 ikahamia nchi ya Wakikuyu, mahali ambapo sasa panaitwa Thogoto. Huko ndiko babu yangu mzaa baba alikojifunza kusoma. Kisha ukaja mwaka 1929. Wamisheni walitaka tohara ya wasichana ikomeshwe, na wakawataka waumini wao watie sahihi au waweke alama ya dole gumba kukubali. Alama ile iliitwa kirore, na ugomvi wote ukaitwa hivyo. Makanisa yalibaki nusu tupu. Waliokataa walianzisha shule zao na makanisa yao. Babu alikataa.

Niseme wazi, kwa sababu mimi ni mwanamke na nina binti wawili: katika jambo lenyewe naona wamisheni walikuwa upande wa haki, na nashukuru kwamba binti zangu hawakupitia kisu. Lakini Babu hakukumbuka kisu. Alikumbuka kuitwa mbele ya meza na kuambiwa: weka kidole hapa, la sivyo toka. Alitoka. Alimpeleka Baba katika shule ya watu waliojitenga, na Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni ikazifunga shule za namna hiyo. Baba alikuwa na miaka kumi na miwili. Masomo yake yakaishia hapo. Kwa hiyo mzee wa kanisa alipokuja na karatasi ya ndoa inayohitaji sahihi, Baba hakuiona karatasi ile peke yake. Aliona nyingine nyuma yake.

Usifikiri Baba alikuwa adui wa kanisa. Kanisa letu la mawe lilipojengwa alibeba mawe kwa mkokoteni wake bila malipo. Hiyo ilikuwa miaka ambayo neno *jitegemee* lilikuwa kwenye kila kinywa. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, katibu mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alisimama mbele ya Wakristo wa Marekani akawaambia wakomeshe kwa muda kutuma wamisheni na fedha, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama kwa miguu yao. Baba alilipenda neno lile kuliko mahubiri yoyote. Kusimama kwa miguu yetu kwetu kulikuwa na maana ya mnada baada ya ibada: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, debe la viazi, yai moja la mjane likipigiwa bei mpaka lifike bei ya jogoo. Baba hakuingia ibadani ila siku za harusi na mazishi, lakini saa ya mnada alikuwa nje ya dirisha akipandisha bei. Wakati mwingine alinunua kuku ambaye Mama alikuwa ametoa asubuhi, akamrudisha nyumbani chini ya kwapa. Mama hakumsamehe kwa hilo, alisema sadaka haipandi mlima mara mbili.

Mzee wa distrikti yetu wakati huo alikuwa fundi wa baiskeli, mtu mfupi mwenye kikohozi. Kila alipopita na kadi alifika kwetu pia, ingawa hakuwa na kadi ya kutoa. Angeweza kuturuka. Aliketi, akanywa chai, akamwuliza Baba, "Bado?" Baba akajibu, "Bado." Kisha wakazungumza habari za kahawa na bei yake. Miaka mingi ilikuwa hivyo. Baba alipougua figo, mwaka 1998, fundi yule alikuja kila Alhamisi. Ndiye aliyepitisha daftari la mchango katika distrikti, na nyumba ambazo hazikuwa na kitu zilitoa maziwa. Wanawake wa Woman's Guild walipalilia mahindi yetu msimu mzima. Mama alikuwa amepika nao katika kila sherehe tangu nizaliwe, lakini kitambaa chao cha kichwani hakuwahi kukivaa, kwa sababu anayekivaa sharti awe mshiriki wa Meza. Walipalilia wakiwa wamevaa leso za nyumbani. Sijui kama walikubaliana hivyo au ilitokea tu.

Baba alifariki mwezi wa tatu mwaka 1999. Miezi minne baadaye fundi alikuja, akaketi mahali pake pa siku zote, akatoa kadi mfukoni. Ilikuwa na jina la Mama.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "sasa hakuna kizuizi."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekuja kutoka Thika kumsaidia kuvuna maharagwe. Mama aliipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akamshukuru, akamwongezea chai. Alipoondoka aliitia kadi ndani ya Biblia, na Jumapili ile akaketi benchi la mwisho kama kawaida. Meza iliyofuata pia, na iliyofuata tena. Kadi zilirundikana ndani ya Biblia hadi ikawa haifungiki vizuri.

Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Nilisema maneno makubwa: kwamba walingoja mume afe ili wampe mkate, kwamba kaburi la Baba limekuwa cheti cha ndoa. Nilitaka ahamie kanisa lingine, yako mengi, mengine yana vinanda vya umeme na hayaulizi mtu chochote. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliniacha nimalize.

"Wewe unataka nimkasirikie nani?" aliuliza. "Fundi? Alikuwa anakuja hapa wakati ndugu za baba yako hawaji."

"Lakini Mama, walikutenga."

"Walinitenga na meza. Wewe unataka kunitenga na watu."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sijawa na jibu zuri.

Alishiriki mwaka 2000, Jumapili ya mwisho wa mwaka, bila kumwambia mtu. Alitoa kadi mlangoni, akapita benchi lake la mwisho, akaketi safu ya nne. Nasikia fundi aliyekuwa anabeba trei alisimama kidogo kabla ya kumfikishia, na vikombe vikagongana. Nilipofika Krismasi nilimwuliza kwa nini siku ile.

"Vikombe vile nimeviosha miaka thelathini na mitatu," alisema. "Nilitaka kujua kilichomo kina ladha gani."

"Kina ladha gani?"

"Kama juisi iliyozidishiwa maji."

Akacheka mpaka akafuta macho. Kwa miaka kumi na miwili iliyobaki ya maisha yake alishiriki kila mara, na Jumamosi aliendelea kwenda na beseni. Kitambaa cha Guild alipewa pia. Tulimzika nacho.

Nilipochaguliwa kuwa mzee niliona haya kidogo, kisha nikajiambia kwamba nitaingia nikawe rafiki wa benchi la mwisho. Ni rahisi kujiahidi mambo ukiwa nje ya chumba cha mkutano. Ndani ya Kirk Session, jina ambalo hata wasiojua Kiingereza hulitamka bila shida, kuna ajenda, kuna kumbukumbu za kikao kilichopita, kuna daftari la majina. Nilikuta kwamba wenzangu si watu wagumu. Kila mmoja ana dada au mtoto aliye nje ya Meza. Wanashika utaratibu kwa sababu wanaamini ndoa ni nzito, na wameona wanawake waliofukuzwa na watoto bila karatasi yoyote ya kuonyesha mbele ya sheria. Hoja hiyo si ya kijinga. Nimesimama kortini na mwanamke wa namna hiyo.

Katika distrikti yangu kuna kijana wa bodaboda na msichana anayeuza mboga kwenye kibanda karibu na barabara ya lami. Wana mtoto mmoja. Mahari haijaisha, na mama mkwe amesema hakuna harusi kabla mahari haijaisha. Msichana amebatizwa na kuthibitishwa kwetu. Kila ninapogawa kadi nafika kwao, nakunywa chai, namwuliza kijana, "Bado?" Ananijibu, "Bado, Mzee." Siku ya kwanza nilipolisikia neno lile likitoka kinywani mwangu, nusura nimwage chai.

Mwaka jana, Jumamosi kabla ya Meza, nilifungua chumba cha wazee nikamkuta ameinamia beseni. Mtoto alikuwa amelala sakafuni juu ya leso. Vikombe sasa ni vya plastiki, lakini bado huoshwa. Nilimwona, na nikamwona Mama, na hasira yote ya mwaka 1999 ikarudi ikanipanda kooni.

"Acha," nilimwambia. "Waache wanaokunywa waoshe."

Nilidhani nampa heshima. Alinyanyua uso, povu likiwa mpaka kwenye viwiko.

"Mzee," alisema, "hata hiki mnaninyima?"

Nilisimama pale na funguo mkononi. Nilikuwa nimelibeba jambo la Mama miaka yote hiyo kama deni ambalo kanisa linamdai, kumbe sikuwahi kumwuliza zile Jumamosi zilikuwa nini kwake. Nilizihesabu kuwa utumwa. Sasa nakumbuka kwamba alikuwa akivaa nguo nzuri kwenda kuosha. Nakumbuka kwamba alikuwa anaimba. Haikumaanisha kwamba kutengwa hakukumuuma. Nilikuta kadi zote za mwaka ule katika Biblia yake tulipogawana vitu, zimefungwa kwa uzi, na mtu hafungi kwa uzi kitu kisichomuuma. Lakini alikuwa amejitafutia mahali pake mezani, na mimi nilikuwa karibu kumpokonya mwingine mahali pale pale, kwa nia njema, nikiwa na cheo.

Nilimwomba radhi. Nikavua sweta, nikakunja mikono, nikasuuza alivyokuwa anaosha. Hatukuongea mengi. Aliniuliza kama ni kweli mama yangu alivinunua vikombe vya kioo kwa fedha za mayai, nikasema ni kweli. Akauliza vingapi. Nikasema sikumbuki, labda kumi na moja.

Kesho yake nilibeba trei. Nilifika benchi la pili kutoka mwisho. Yeye alikuwa nyuma yake, amembeba mtoto, ananiangalia. Msomaji anaweza kutaka niseme kwamba nilisonga hatua moja zaidi. Sikusonga. Niliweka kiapo siku ya kuwekwa wakfu, na kama kila mzee akigawa Meza kwa moyo wake peke yake, kesho atakuja mwenye moyo mbaya kuliko wangu. Niligeuka. Trei ilikuwa nyepesi, vikombe vingi vilikuwa vitupu, na bado mikono yangu ilichoka.

Ila katika kikao kilichofuata niliomba nafasi, nikaeleza habari za Mama tangu mwanzo, pamoja na Babu na kirore. Ilichukua dakika ishirini na katibu hakuandika chochote. Mwishowe mzee mmoja aliuliza harusi ya pamoja ingegharimu kiasi gani, bila magari na bila keki. Tukapiga hesabu: chai, mikate, cheti cha serikali. Mwingine akajitolea kwenda kuzungumza na yule mama mkwe, kwa kuwa walisoma pamoja. Hesabu ilifikia watu wawili wawili, jozi tano, kutoka distrikti tatu.

Mama mkwe alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili alisema atafikiri. Kijana wa bodaboda ana shaka yake pia. Aliniambia hataki ionekane kwamba ameshindwa kumuoa mkewe hadi kanisa limchangie mikate. Nilimwambia nilikuwa namjua mtu aliyesema maneno yanayokaribia hayo. Aliuliza ikawaje. Nikamwambia ni habari ndefu, nitakuja Alhamisi.

Juma lijalo nitapita tena na kadi. Nyumba ishirini na nane, na nitafika zote.